Waya wa Ardhi

Hombolo, mwezi wa tisa. Upepo umebeba mchanga
na kuutia kila mahali: kwenye ugali, masikioni,
kwenye matundu ya kompyuta yangu kuukuu.
Nimechuchumaa kati ya mizabibu ya dada yangu Mbeho,
nachomeka kihisi udongoni kama mtu anayepima homa.

Kina meno mawili ya shaba iliyopakwa bati.
Nayauliza: kuna maji? Nayo hayajui maji.
Yanajua tu kama umeme umepita kwa urahisi au kwa taabu,
yanataja namba,
na kazi ya kuamini yananiachia mimi.

Mia tatu na kumi. Mia tatu na nane.
Umelowa, inasema skrini.
Majani yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.
Mbeho anabonyeza udongo kwa kidole gumba. Haongei nami.
Anaongea na mzabibu:
"Wewe unakufa, wenzako wanasoma."

Usiku nikalamba ncha ya kihisi.
Chumvi.
Ni kisima cha marehemu baba, kile ambacho chai yake
wageni huionja mara moja wakaiacha kikombeni.
Umeme huipenda chumvi;
unyevu wa tone moja ulikuwa ukijisifu kama mafuriko.
Nikakaanga udongo wa shamba hilihili kwenye sufuria,
nikaupoza, nikaunywesha maji ya kisima hikihiki kikombe kwa kikombe,
nikaandika kila namba kwenye kipande cha katoni.
Kihisi hakikudanganya.
Mimi ndiye niliyekuja na kipimo cha udongo wa watu wengine.

Baba alipofariki tuligawana: mizabibu kwake, kisima kwangu,
katikati tukapanda ua wa minyaa.
Miaka mitatu maneno yetu yamepita kwa mwanawe, Chilongani,
moja moja, yakifuatana kwenye njia nyembamba:
mwambie mjomba, mwambie mama,
na mtoto akikimbia sana, nusu yanaanguka njiani.

Kwa hiyo bodi mbili. Moja kwake, isikilize udongo,
moja kwangu, iamshe mota ya pampu.
Mara ya kwanza niliunganisha mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio.
Kimya. Hilo nililijua tangu nyumbani.
Nikapishanisha nyaya: mdomo wa huku, sikio la kule.
Zikaja herufi ambazo hakuna kabila linalozidai,
kwa kuwa moja ilisema mbio na nyingine ilisikia taratibu.
Nikazipunguza zote mbili, zikalingana, na bado
namba zilifika zimevunjika.

Nilikaa juu ya ndoo mpaka jua likanihama.
Nilikuwa nimesahau waya mweusi.
Bodi ikisema volti tano, ni tano kutoka wapi?
Kimo hupimwa kutoka mahali,
na kila moja ilikuwa ikipima kutoka sakafu yake.

Nikaanza kuchimba mfereji chini ya minyaa.
Utomvu ukanirukia mkononi, nikatukana.
Mbeho akaja na jembe begani, akasimama upande wake.
"Huo mweusi wa nini?"
Miaka mitatu, na neno la kwanza ni hilo.
"Wa ardhi."
"Ardhi ya nani?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa ncha ya waya kupitia tundu la ua.
Akaishika kwa vidole viwili, kama mkia wa panya,
kisha akachimba upande wake, vibaya, kwa hasira, hadi tukakutana.

Mota ikanguruma, bodi ikazimia.
Ilikuwa inanyonya umeme wote peke yake, mlafi;
nikaipa betri yake, ya pikipiki, ila ule waya mweusi
nikauacha upite kwa wote.

Mia tatu na tano.
Mia mbili na tisini.
Maji yalitembea kwenye mfereji yakisukuma vumbi mbele yake.
Mia mbili na arobaini, na mota ikajizima yenyewe,
bila mtu kutumwa.

Mbeho alichovya kidole, akalamba, akatema.
"Maji yako bado yana chumvi."
"Najua," nikasema. "Nimeyapima."